Mimba ina miezi sita na kila siku unalia: uanzie wapi

Naandika hii kwa ajili ya mama kijacho anayelia bafuni huku amefungulia maji ili wapangaji wenzake wasisikie, na kwa yeyote anayeishi naye nyumba moja. Mimi si daktari wala nesi, ni mama wa watoto wawili wa hapa Tabata, Dar es Salaam, mimba ya kwanza iliharibika, iliyofuata nikaibeba kwa hofu mwanzo mwisho, na vingi nilivyokuja kuvijua nilivijua nimeshachelewa, kwahiyo nataka wewe uwahi.

Kabla ya yote. Kama sasa hivi una mawazo ya kujidhuru, au unaona bora usingekuwepo, au unasikia sauti ambazo wenzako hawazisikii, usisome mpaka mwisho. Mwambie mtu aliye karibu nawe saa hii hii, usibaki peke yako chumbani, mpe huyo mtu dawa zote zilizomo ndani azitunze yeye, halafu muende hospitali yenye huduma ya dharura, hata kama ni saa nane usiku. Muhimbili wana idara ya magonjwa ya akili, na ukiwa karibu na Amana, Temeke au Mwananyamala anzia hapo. Ukifika sema hivyo hivyo kwa maneno ya wazi, "nina mimba na nawaza kujiua". Kusema hivyo si kujitakia, na wala hutakuwa wa kwanza kusema.

Haya, sasa tuendelee.

Hatua ya 1: acha kusema "ni mimba tu", hesabu siku

Mimba ina visa vyake, hilo tunalijua wote. Utachoka, utatapika, utatamani ndimu na udongo wa pemba, mume atanuka hata akitoka kuoga mpaka watu waseme mimba imemkataa baba, na machozi yatakutoka bila sababu. Mimi niliwahi kulia kwa sababu konda wa daladala alinipisha kiti. Lakini machozi ya mimba yanakuja na kuondoka, unalia sasa hivi na baada ya nusu saa umekaa unakula ugali na dagaa unacheka na wenzako.

Sonona, yaani ule ugonjwa wa huzuni isiyoisha, haiko hivyo. Sonona inakaa. Wataalamu wanaangalia wiki mbili: karibu kila siku, sehemu kubwa ya siku, una huzuni au vitu ulivyokuwa unavipenda vyote umevichoka, na juu ya hapo usingizi umevurugika, au hamu ya kula imepotea, au unajiona huna maana, au akili haishiki kitu hata ukihesabu chenji unakosea. Shida kwa mjamzito ni kwamba usingizi na kula vimevurugika tayari kwa sababu ya mimba yenyewe, kwahiyo hivyo viwili visikupoteze, angalia zaidi hivi: bado kuna kitu chochote kinanifurahisha? Najilaumu kwa vitu ambavyo si kosa langu? Nawaza kufa?

Wasiwasi nao una sura yake, na mara nyingi vinatembea pamoja na sonona. Kichwa kinakimbia hakipumziki, moyo unapiga mbio umekaa tu, kifua kinabana, viganja vinatoka jasho, na kila kitu unakiona kitaishia vibaya. Mimi wangu ulikuwa wa chooni. Naingia, naangalia kama kuna damu, hamna, natoka, kabla sijafika jikoni nimeshageuka nikaangalie tena. Kuna siku nilihesabu mara 23. Mama mkwe akadhani naharisha akanipikia uji wa mchele.

Na mtaani tuna majina mengi ya kulifunika hili jambo. "Ana mawazo." "Anadeka, ndiyo mimba yake ya kwanza." "Katupiwa kitu." Sikatazi mtu kuombewa wala kusomewa dua, mimi mwenyewe niliombewa na nililala vizuri usiku ule, ila maombi hayazuii kwenda kliniki, na dawa za kunywa za mitishamba kwenye mimba ziache kabisa maana hujui ndani ya ile chupa kuna nini.

Hatua ya 2: chukua kalenda

Hii alinifundisha jirani, mama mmoja mtu mzima tuliyepanga naye nyumba moja, na naona ndiyo iliyonisaidia kuliko zote. Chukua kalenda ya ukutani, zile zinazogawiwa bure mwisho wa mwaka, na peni. Kila jioni kabla ya kulala weka alama: X kama leo umelia au hukuweza kufanya kitu kwa huzuni, duara kama leo hofu imekubana, usiweke kitu kama siku ilipita salama. Basi. Usiandike insha, ukianza kuandika insha utaacha siku ya tatu.

Baada ya siku 14 hesabu. Mimi nilikuwa na X 11 na maduara 13, na nilivyoona ile karatasi nilishtuka kwa sababu mwenyewe nilikuwa najiambia "aah, ni siku mojamoja tu". Mtu mwenye sonona hana kumbukumbu nzuri ya hali yake, leo ukiwa na nafuu kidogo unajiona muongo kwa ulichokisema jana, lakini kalenda haina aibu. Ukishahesabu, piga picha kwa simu.

Kama unapenda kitu cha kitaalamu zaidi, upo utaratibu wa maswali 10 unaoitwa Skeli ya Edinburgh, ulitengenezwa Scotland mwaka 1987 kwa ajili ya waliojifungua na baadaye ukaanza kutumika mpaka kwa wajawazito. Unauliza kuhusu siku saba zilizopita: umeweza kucheka, umejilaumu bure, umeogopa bila sababu ya maana, umekosa usingizi kwa ajili ya huzuni, umewahi kuwaza kujidhuru. Kila jibu lina alama kuanzia 0 mpaka 3, jumla ya juu kabisa ni 30, na wengi wanachukulia 13 kwenda juu kuwa ni ishara unatakiwa kuchunguzwa vizuri. Si kwamba ukipata 13 wewe ni mgonjwa tayari, hapana, ni kama kipimajoto tu. Ila lile swali la mwisho la kujidhuru, ukijibu ndiyo hata kama jumla yako ni 5, unaenda kuonana na mtu wa afya, haijalishi jumla.

Hatua ya 3: usimwachie kichwa kila kitu, pima mwili

Upungufu wa damu unachosha, unaleta moyo kwenda mbio na pumzi kukata, unaweza kukaa unajiona una sonona kumbe damu iko chini. Na huo udongo wa pemba tunaoutafuna, hamu yake mara nyingi inaenda pamoja na upungufu wa madini chuma, kwahiyo ukijikuta unamaliza mfuko kwa siku mwambie nesi na usimfiche. Tezi ya shingo ikivurugika nayo inaleta huzuni au wasiwasi. Malaria tunaijua. Omba upimwe wingi wa damu, na kama una dalili nyingine daktari ataamua kuhusu tezi. Vile vidonge vya madini chuma na foliki vya kliniki vinywe, najua vinatia kichefuchefu na choo kinakuwa cheusi, vinywe tu, usiku baada ya chakula vinavumilika zaidi.

Kuna vitu ambavyo haifai kabisa kuviita wasiwasi. Kichwa kuuma sana kusikokoma, macho kuona ukungu au vimulimuli, uso na mikono kuvimba ghafla, maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu: hizo zinaweza kuwa dalili za kuelekea kifafa cha mimba. Kutokwa damu, maji kupasuka, mtoto kupunguza kucheza. Hapo huweki alama kwenye kalenda, unaenda hospitali saa hiyo, na kama usafiri hamna, namba ya m-mama, ule usafiri wa dharura wa wajawazito, ni 115, haina malipo.

Hatua ya 4: kliniki, na ile sentensi

Hapa ndipo wengi tunaposhindwa, acha nikae kidogo.

Siku yangu ya kwanza kujaribu kusema nilikuwa kwenye kliniki moja, sitaitaja. Nilifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nikawahi namba, nikakaa kwenye benchi mpaka saa nne. Nikapimwa uzito, presha, nikapanda kitandani nesi akapima tumbo kwa tepu akasikiliza mapigo ya mtoto. Wakati navaa viatu nikasema kwa sauti ndogo, "nesi, mimi sijisikii vizuri". Akaniuliza nini, nikasema "basi tu". Akasema "mama, mimba hazikuanza na wewe", akaandika panado, akaita namba inayofuata. Nililia njia nzima mpaka Tabata Relini.

Niliumia sana, ila leo nikifikiria naona yule nesi alikuwa na foleni ya watu arobaini na mimi nilimpa kitu ambacho hakishikiki. "Sijisikii vizuri" ni kila mjamzito. Mara ya pili nilienda na sentensi moja niliyoifanyia mazoezi kwenye kioo, na ile picha ya kalenda. Sentensi inatakiwa iwe na vitu vitatu: siku ngapi, nini kinatokea, kimekuzuia kufanya nini. Yangu ilikuwa hivi: "Nesi, kwa wiki mbili nimelia siku 11, kila siku naogopa mtoto atakufa, na nimeshindwa kufungua genge langu." Akaacha kuandika. Akaniangalia. Akaniuliza kama nawaza kujidhuru, nikamjibu, akanipeleka mwenyewe chumba cha daktari.

Kwahiyo tengeneza ya kwako. Na iseme mapema, ukiwa unapimwa presha, usisubiri umeshavaa viatu. Ukiona aibu mbele za watu mwambie "naomba nikuone pembeni dakika mbili". Ukikataliwa usigombane, omba muhusika wa zamu au rudi siku nyingine kwa nesi mwingine, au nenda kituo kingine, kadi yako ya kliniki ni ile ile. Na wakikwambia urudi wiki ijayo, rudi, hata kama siku hiyo unajisikia nafuu.

Jambo jingine la kliniki linalowatia presha wadada wengi ni hili la "njoo na baba wa mtoto" siku ya kwanza, kwa ajili ya kupimwa wote. Kama alikukimbia, usikae nyumbani miezi mitano kwa sababu hiyo. Vituo vingi wanakuelekeza upate barua ya serikali ya mtaa, ni kero ndiyo, na kumueleza mwenyekiti habari zako inaudhi, lakini wengi wanapita hapo, na ukifika kituoni ukaeleza ukweli hupaswi kufukuzwa ukiwa unaumwa. Usimkodi mtu ajifanye mume, nimeyaona hayo na yaliisha kwa vurugu.

Tena kwenye lile benchi usidhani uko peke yako. Shirika la Afya Duniani linasema kwa nchi zinazoendelea asilimia 15.6 ya wajawazito wanapata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, na baada ya kujifungua inapanda mpaka 19.8. Yaani benchi la watu 20, watatu. Wamejifunga kanga zao wamenyamaza kama wewe.

Hatua ya 5: ushauri nasaha kwanza, dawa zikihitajika

Hali ikiwa ya kawaida au ya kati, mara nyingi wanaanza na mazungumzo, unakaa na mshauri kila wiki au kila baada ya wiki mbili, na sio kupewa mawaidha, ni kufundishwa jinsi ya kuyakamata mawazo yanavyokudanganya. Mimi nilifundishwa kumuuliza kila wazo "ushahidi wako uko wapi?", nikaona upuuzi, lakini nilivyolijaribu lile la damu, wiki ya tatu safari za chooni zilishuka mpaka sita.

Hali ikiwa kali unaweza kuandikiwa dawa, na hapo ndipo kila mtu mtaani anakuwa daktari: mtoto atazaliwa taahira, sijui utazizoea. Zipo dawa za sonona zinazotumika kwa wajawazito miaka mingi, sertralini ni mojawapo, na daktari anapima pande zote mbili, madhara ya dawa na madhara ya kuacha ugonjwa ukaendelea, maana sonona kali isiyotibiwa nayo ina hatari zake, mama hali, haendi kliniki, na uwezekano wa kujifungua kabla ya wakati au mtoto kuzaliwa na uzito mdogo unaongezeka. Dawa hizi zinachukua wiki mbili mpaka nne ndiyo uone nafuu ya maana, usikate tamaa siku ya tano.

Kama ulikuwa unatumia dawa kabla ya mimba, usiziache ghafla kwa kuogopa, nenda haraka ukazungumze na aliyekuandikia. Hasa valproeti, ile ya kifafa na ya ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, ina madhara makubwa kwa mtoto tumboni, inatakiwa ibadilishwe, lakini anayeibadilisha ni daktari sio wewe. Na valiamu za kununua duka la dawa "nipe tu za kulalia", hapana jamani, hapana.

Hatua ya 6: chagua mtu mmoja

Mmoja. Usitangaze kwenye grupu la familia, utapokea sauti 30 za ushauri na wifi mmoja atasema enzi zao walikuwa wanajifungulia shambani. Chagua asiyependa kuongea sana. Kwangu alikuwa yule jirani, maana mume ni dereva wa malori ya Tunduma, wiki mbili nyumbani wiki mbili njiani. Mpe kazi inayoeleweka: "naomba kila jumatano unisindikize", "naomba ukiniona sijatoka ndani mpaka saa tano unigongee". Watu wanapenda kusaidia ila hawajui wafanye nini, ukiwaambia "nina hali mbaya" wanakuletea maji ya matunda na kuondoka.

Kwa mume, nilimuonyesha kalenda badala ya kugombana kwenye simu. Akakaa kimya muda mrefu akasema, "mama nanihii, mbona hizi X zote nilikuwa njiani?" Hatukuwahi kuongea vile kabla. Ukiona wako anakupiga au anakutishia, hiyo si habari ya kalenda tena, mwambie nesi ukiwa peke yako, na kituo cha polisi kina Dawati la Jinsia na Watoto.

Baba unayesoma, usimwambie ajikaze. Mpeleke kliniki, ukae kwenye benchi.

Hatua ya 7: usiku

Usiku wa Dar na joto lake, umeme umekatika, feni imesimama, mbu, na mtoto tumboni anacheza ngoma. Mawazo yote yanakuja saa tisa. Vitu vilivyonisaidia ni vidogo. Kuvuta pumzi kwa kuhesabu mpaka nne na kuitoa taratibu mpaka sita, dakika tano, mkono mmoja juu ya tumbo. Kulala ubavu, hasa baada ya wiki ya 28, na mto katikati ya magoti. Chai ya rangi na kahawa viishe saa nane mchana. Simu iache mbali, maana saa tisa usiku ukitafuta habari za mimba kuharibika utazipata nyingi tu.

Na jingine, nilijipangia muda wa kuwaza. Saa kumi na moja jioni, dakika 20, nakaa kwenye ngazi nawaza kila kitu, pesa, mtoto, kufa, naandika yale ya kufanyiwa kazi. Wazo likija usiku naliambia kesho saa kumi na moja. Linacheka, ila baada ya siku kadhaa linasikia. Asubuhi kabla jua halijawa kali natembea mpaka sokoni na kurudi, kama nusu saa, hata siku ambazo sikutaka kuamka, siku hizo ndiyo hasa.

Hofu ya pesa ina dawa yake tofauti, orodha. Uliza kituo chako mapema unatakiwa uje na nini, gloves, pamba, mpira wa kulalia, kanga, na uanze kununua kimoja kimoja ukiweka kwenye beseni. Kila nikiliona lile beseni limejaa kidogo kifua kilikuwa kinafunguka. Uliyeajiriwa, sheria ya kazi ya mwaka 2004 inakupa likizo ya uzazi siku 84 zenye malipo, 100 ukizaa zaidi ya mmoja, na mimba si sababu halali ya kukufukuza. Mpe taarifa mwajiri kwa maandishi angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya kujifungua.

Hatua ya 8: kalenda isitolewe ukutani

Ukijifungua watu wote watahamia kwa mtoto, wewe utaletewa supu ya pweza na mtori na maswali kama maziwa yanatoka. Siku za mwanzo kulia kidogo ni kawaida, kwa wengi inaisha ndani ya wiki mbili. Ikipita hapo, au ukiwa ulikuwa na sonona wakati wa mimba, endelea na alama zako na endelea na dawa kama ulipewa, usiziache kwa sababu mtoto kazaliwa salama. Ukikaa siku mbili tatu huhitaji kulala kabisa, unaongea haraka, unaona mambo ya ajabu kuhusu mtoto, hiyo ni dharura, wakupeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Wiki ya sita utampeleka mtoto chanjo. Siku hiyo hiyo, kabla hujatoka nyumbani, hesabu X za wiki mbili zilizopita, tengeneza sentensi yako upya, na mtoto akishachomwa sindano yake mwambie nesi na wewe unataka kusikilizwa.